Safu ya pili

Shangazi yangu alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 81. Katika vitu alivyoniachia kulikuwa na sanduku la bati la kijani, lililokaa chini ya kitanda chake Barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, tangu mimi sijaolewa. Wengine kwenye ukoo walikuwa wakisema lina dhahabu. Nililifungua baada ya arobaini, nikiwa peke yangu chumbani, nikakuta koti la sufu lililoliwa na nondo, jozi ya viatu vyeusi vya kamba, kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana, na vijitabu vinne vyembamba vya jalada la kijivu.

Vijitabu vile ni ripoti za mwaka za mganga mkuu wa shule wa mji mmoja wa viwanda vya pamba, kaskazini mwa Uingereza. Shangazi alikwenda kule mwaka 1957, binti wa miaka 20, akasomea unesi hospitalini miaka mitatu, kisha halmashauri ya mji ule ikamwajiri kuwa nesi wa shule hadi aliporudi nyumbani mwaka 1966. Uhuru wetu ulimkuta huko. Alisikia habari zake redioni, jikoni kwa mama mwenye nyumba, akalia peke yake na bakuli la kuoshea vyombo.

Nilidhani ni makaratasi tu ya kumbukumbu. Nikafungua cha kwanza, nikakuta jedwali, na mikono ikaanza kunitetemeka, kwa sababu jedwali lile nalijua. Nimelichora kwa rula na kalamu nyekundu miaka zaidi ya 20 nikiwa mwalimu wa afya, na sikujua limetoka wapi. Nitafika hapo.

Kwanza niseme walikuwa wakifanya nini kule, maana vijana wengi wanadhani Uingereza ilizaliwa tajiri na yenye afya. Mambo yalianzia kwenye aibu. Katika vita vyao na Makaburu wa Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vijana waliokwenda kujiandikisha jeshini walikataliwa kwa wingi: meno yameoza, miguu ina matege, vifua vyembamba kama vya kuku. Serikali ikashtuka, ikaunda kamati ikachunguza. Mwaka 1906 ikatoka sheria ya kuruhusu halmashauri kuwapa chakula watoto maskini shuleni, na 1907 sheria ya kulazimisha kila mtoto wa shule apimwe na daktari. Sikupenda nilipojua kwamba mtoto alianza kuonekana pale askari walipopungua. Lakini walikuwepo pia watu waliompenda mtoto kwa ajili yake mwenyewe, na wasisahauliwe. Mama mmoja aitwaye Margaret McMillan alihangaika Bradford mpaka watoto wakapata mabafu shuleni, na mwaka 1910 yeye na dada yake Rachel wakafungua kliniki ya watoto wa shule kule Deptford, London, mtaa wa shida tupu.

Shangazi alipofika, kazi hiyo ilikuwa imekomaa. Sheria ya elimu ya 1944 ilikuwa imezitaka halmashauri zihakikishe mtoto wa shule anatibiwa bure, na Julai 1948 huduma ya afya ya taifa zima ikaanza, ikawa bure kwa wazazi pia. Maziwa yalikuwa bure kwa kila mwanafunzi tangu 1946, kichupa kidogo cha theluthi ya painti, kama mililita 190. Shangazi alisema asubuhi za baridi kali malai yaliganda yakakisukuma kifuniko juu, na walimu waliviweka vichupa karibu na moto hadi maziwa yakawa ya uvuguvugu na watoto wakayachukia. Wakanywa hivyo hivyo.

Hapo niliwahi kumkatiza. Mwaka ule wa 1946 baba yangu, kaka yake yeye, alikuwa darasa la pili. Alikuwa akitoka Mwambani kwa miguu mitupu kwenda shule, mwendo wa saa nzima na zaidi, na aliyekuwa akitutawala ni Mwingereza huyo huyo aliyekuwa akigawa maziwa. Alama pekee ya serikali ile mwilini mwa baba ilikuwa kovu la chanjo ya ndui kwenye mkono. Nikamuuliza shangazi kama haikumuuma kuwapa watoto wa kule kile ambacho kaka yake hakukipata.

Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

"Iliniuma, mwanangu. Usiku iliniuma sana. Lakini yule mtoto wa kule hakumnyang'anya baba yako kitu. Alikuwa amesimama mbele yangu na fulana yake, anatetemeka kwa baridi. Sasa nimfanyeje?"

Kwa hiyo nakuelezeni jinsi alivyomfanya.

Mtoto wa kule alipimwa na daktari mara tatu katika maisha yake ya shule: alipoanza, alipokaribia kumaliza shule ya msingi, na alipokuwa anamaliza kabisa. Katikati ya hapo alikuwa wa nesi. Siku ya kupimwa, ukumbi wa kulia chakula uligeuzwa zahanati, ukiwa bado unanuka kabeji. Mtoto anavua nguo anabaki na fulana na chupi. Mama yake ameitwa kwa barua, amekaa pembeni kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, mkoba mapajani. Shangazi anampima uzito na urefu, anatazama nywele, masikio, koo, ngozi, miguu. Anatazama na viatu. Alisema viatu vya mtoto vilimwambia mengi kuliko mama yake: kiatu kilichokatwa ncha ili vidole vipate kupumua, kiatu cha kaka kilichojazwa magazeti.

Macho alipimia kibao cha herufi, mtoto amesimama mita sita. Masikio aliyapima kwa mnong'ono. Mtoto anageuzia uso ukutani, anaziba sikio moja kwa kidole, nesi anarudi nyuma hatua kadhaa na kunong'ona namba. Mtoto anazirudia. Basi. Hakuna mashine. Mashine za kupimia usikivu zilikuja baadaye na yeye alizitumia pia, lakini mnong'ono hakuuacha, akanifundisha na mimi hapo barazani kwake, watu wa mtaani wakipita na kutushangaa.

Chawa walikuwa kazi kubwa. Watoto wa kule walimwita nesi wa shule kwa jina la chawa hao, na shangazi hakulipenda jina hilo. Kitana kinachovywa kwenye bakuli la dawa, kinapitishwa, kinafutwa, anakuja mwingine. Mwenye chawa alipelekewa mzazi wake barua. Shangazi aligundua haraka kwamba bahasha ile ilikuwa kama kumpaka mtoto masizi usoni mbele ya wenzake, hivyo akawa anaandika bahasha sita au saba kwa kila darasa, nyingine ndani zina karatasi ya kuwakumbusha wazazi kupiga mswaki tu. Hilo hakuagizwa na mtu. Palikuwa na mapunye pia, upele, vidonda vya usaha mdomoni vilivyopakwa GV, ile ya zambarau tunayoijua sote. Na kulikuwa na chumba cha taa ya jua. Watoto waliokuwa dhaifu, wenye dalili za matege, walikaa duara na chupi zao, wamevaa miwani myeusi, wanaota taa kama vile sisi tunavyoota moto, kwa sababu jua lenyewe halionekani kwa ukungu na moshi wa viwanda. Shangazi alikuwa akisema kila alipoiwasha taa ile aliwaza ufuko wa Raskazone, jua linavyomwagika bure pale, halina mwenyewe.

Ziko namba katika habari hii ambazo zinanipa moyo hadi leo. Mwaka 1940, walipoanza kampeni ya chanjo ya dondakoo, Uingereza na Wales walipata wagonjwa zaidi ya 46,000 na vifo karibu 2,500, wengi wao watoto. Mwaka 1957, ule ule aliofika shangazi, wagonjwa hawakufika 40 na vifo havikufika kumi. Miaka 17 tu. Chanjo ya kifua kikuu kwa watoto wa miaka 13 hivi ilianza 1953, ya polio 1956, na kuanzia 1962 ile ya polio ikawa tone linalodondoshewa kwenye donge la sukari. Shangazi alikuwa akiyadondoshea yeye. Meno ndiyo yaliwashinda. Mgao wa peremende wa wakati wa vita uliondolewa Februari 1953, na madaktari wa meno wa shule walikuwa wameshakimbilia kwingine kwenye malipo mazuri, basi watoto wakawa na uhuru wa sukari na hawana wa kuwaziba meno.

Sasa nirudi Tanga, kwenye lile jedwali.

Nilianza kuwa mwalimu wa afya mwaka 1988, katika shule ya msingi moja ya upande wa Pongwe. Cheo hicho kwetu humwangukia mwalimu wa kike aliye mpole na anayejua kufunga kidonda. Nilipewa sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji mbili na mkasi usiokata. Mimi ni mtoto wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nilikuwa kwenye vile vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo, kwa hiyo niliingia na ari. Nikanunua daftari la kaunta kwa fedha zangu. Nikaandika kila nilichokiona.

Mwaka 1991 nikaona binti wa darasa la pili anatoka usaha sikioni. Harufu ndiyo iliyonishtua, nilipoinama kumsahihishia hesabu. Nikamwandikia karatasi aende zahanati, nikaandika daftarini: jina, tarehe, sikio la kushoto, amepewa barua. Nikaona nimefanya kazi yangu. Ukurasa ukageuzwa.

Miaka minne baadaye, akiwa darasa la sita, mwalimu mwenzangu alimleta ofisini kwa kosa la ujeuri: haitiki akiitwa. Nilikuwa nimeshafundishwa mnong'ono na shangazi. Nikamgeuzia uso ukutani, chini ya ramani ya Afrika iliyochanika pembe. Nikamwambia azibe sikio la kulia. Nikarudi hatua tatu nikanong'ona, "Saba." Kimya. Nikasogea hatua moja. "Nane." Kimya. Nikasogea mpaka naona mafundo ya uzi kwenye ukosi wa shati lake, nikataja jina lake. Alikuwa akihesabu kwa macho nchi za kwenye ramani, midomo inacheza, anasubiri nianze.

Nilitoka nje nikasimama chini ya mwarobaini.

Jioni ile nilikwenda Barabara ya 12. Nikamwamkia shangazi, nikakaa, nikamweleza yote. Nilitaka aniambie si kosa langu. Hakuniambia hivyo.

"Uliandika wapi?"

"Kwenye daftari, shangazi."

"Lina safu ngapi hilo daftari?"

Sikumwelewa. Akaingia ndani, akatoka na rula ya mbao na kalamu nyekundu. Akanichorea mistari kwenye ukurasa mtupu: jina, darasa, tatizo, kisha safu mbili nyembamba upande wa kulia. Juu ya ya kwanza akaandika *Atibiwe*. Juu ya ya pili, *Aangaliwe*.

"Wa safu ya kwanza unampeleka. Wa safu ya pili unamrudia. Na wa kwanza akishapelekwa anahamia ya pili, hafutwi. Jina linafutwa siku umemwona kwa macho yako amepona, au amehama, au amekufa. Barua si dawa, mwanangu. Barua ni karatasi."

Hiyo ndiyo safu niliyoikuta imechapwa kwenye vijitabu vya kijivu mwaka 2018. Kila ugonjwa una mstari wake, ngozi, macho, masikio, pua na koo, moyo, mapafu, na mbele yake namba mbili: wanaohitaji tiba, na wanaohitaji kuendelea kuangaliwa. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Halmashauri nzima, na mameya wao na madiwani wao, ilitakiwa kusoma ni watoto wangapi bado macho yako juu yao. Nimesoma habari za maziwa, za taa ya jua, za chanjo, na vyote nimevipenda. Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuleta Tanga kutoka kule, nisingechagua maziwa. Ningeileta safu ile.

Maana dawa tumezipata. Sitaki mtu aseme nimewadharau waliohangaika kwetu. Miaka ya 1990 ulikuja hapa mkoani mpango ulioitwa UKUMTA, Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, ukatupa sisi walimu kazi ya kugawa dawa za minyoo na kichocho darasani, na ukaonyesha kwamba mwalimu anaweza. Mwaka 2004 Tanga tukaanza kumeza dawa za matende na mabusha, kila mtu mtaani, ugonjwa ambao wazee wetu waliuona kama ajali ya kuzaliwa pwani. Wasichana wa miaka 14 walianza kuchanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Wajukuu zangu wawili wameipata, mmoja alilia, mwingine alimcheka.

Na siku ya dawa za kichocho shuleni ilikuwa siku yangu kabisa. Unasimamisha ule mti mrefu uliochorwa mistari, mtoto anavua kandambili na kuegemea, na mstari unaogusa utosi wake ndio unaokwambia vidonge vingapi. Mwanzo wa mti ni sentimita 94, mwenye hapo hadi 110 ni kidonge kimoja, anapanda kwa nusu nusu hadi vitatu, kisha vinne, hadi yule mrefu kupita 178 anayemeza vitano. Mizani haihitajiki. Mtu aliyebuni kitu hicho Mungu amlipe. Ila dawa ile haitaki tumbo tupu, inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, na watoto wetu wengi huja shule hawajagusa hata chai ya rangi. Mara ya kwanza tuliigawa saa mbili asubuhi bila chakula. Watoto wanne walilegea, mmoja akatapika mlangoni, na kabla ya saa nne akina mama walikuwa wamejaa uwanjani na kanga zimefungwa viunoni, wanasema watoto wamepewa sumu ya kuwafunga uzazi. Niliwaelewa. Mwaka uliofuata kamati ya shule ilichangisha unga na sukari, tukapika uji kwenye sufuria mbili za shughuli, na akina mama wale wale ndio walioukoroga. Aliyekuwa anapiga kelele zaidi nilimpa kazi ya kushika mti.

Kichocho chenyewe kilinifundisha jambo jingine. Wavulana wa kwetu waliooga Mkulumuzi na Zigi walikuwa wakikojoa damu, na wakubwa wao waliwaambia ni dalili ya kubalehe. Walishindana. Ukiwauliza kwa ukali wanakana. Ukiwauliza kwa upole, darasa zima kwa pamoja, nani ameona mkojo mwekundu mwezi huu, mikono inanyooshwa kama wanajibu swali la jiografia, na tafiti zilizofanyika nchini mwetu zilionyesha kwamba kuuliza hivyo tu kunatosha kujua shule ipi ina kichocho kingi. Mtoto anajua mwili wake. Anasubiri aulizwe vizuri.

Lakini baada ya siku ya dawa, fomu niliyokuwa nikiijaza ilikuwa na safu ya *waliomeza* na safu ya *wasiomeza*. Nikishaijaza inakwenda wilayani, na mtoto amekwisha. Yule aliyemeza leo akaoga Zigi kesho, hana safu. Yule ambaye hakuja shule siku hiyo kwa sababu mkojo unamwuma, yuko kwenye *wasiomeza*, na hakuna anayeniuliza nimemfuata au la. Fomu haina ubaya, imetengenezwa kuhesabu vidonge, na vidonge lazima vihesabiwe. Mimi nilikuwa nataka pia ya kumhesabu mtoto.

Kwa hiyo niliendelea na daftari langu, na nitakupeni mtoto mmoja tu wa safu ya pili.

Darasa la nne, mwaka 2003. Kijana mwembamba, anakaa nyuma, madaftari yake yamejaa kazi za jirani yake, hadi makosa ya jirani. Alikuwa amechapwa na walimu watatu kwa kuibia, na mmoja wa hao watatu ni mimi. Nilitundika kile kibao cha herufi E zinazotazama huku na huku kwenye ukuta wa varanda, nikahesabu mita sita kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kunionyesha kwa vidole vyake E inaelekea wapi. Ile kubwa ya juu kabisa, ambayo hata mimi naiona nikiwa getini, aliikodolea, akakunja uso, akaelekeza vidole chini. Ilikuwa inatazama kulia. Nikamwambia asogee mpaka aione vizuri. Akasogea, akasogea, akafika hatua mbili toka ukutani, na hapo akageuka akanitazama kwa furaha, "Mwalimu, nimeiona!"

Barua ya kwanza kwa mzazi haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Zamani ningegeuza ukurasa. Safari hii nilivaa viatu nikaenda mwenyewe siku ya Jumamosi, mwendo wa dakika 40 kupita mashamba ya mkonge. Baba yake nilimkuta anasuka makuti. Barua zote mbili zilikuwepo, zimechomekwa kwa heshima kwenye fito za paa, hazijafunguliwa. Hakuwa anajua kusoma, na aliogopa zinadai mchango. Tuliongea mpaka adhuhuri. Alinitengea mhogo na samaki. Jumatatu tulikwenda hospitali sisi watatu, tukarudishwa kwa sababu mtaalamu wa macho hayupo, tukaenda tena wiki iliyofuata tukarudishwa tena, na mara ya tatu tukapimwa. Miwani nilichangiwa na walimu wenzangu, pamoja na wale wawili waliomchapa, na nawashukuru kwa hilo kuliko wanavyojua. Siku alipoivaa alikaa dirishani kipindi kizima. Sikumsumbua. Alikuwa anatazama majani ya mwembe moja moja.

Shangazi nilipomsimulia, alinisimulia na yeye ya kwake, ambayo hakuwahi kuisema. Kule kwao kulikuwa na mtoto aliyeandikiwa miwani na hakwenda kuchukua, bure kabisa, hakuna wa kulipa. Shangazi alikwenda nyumbani kwa baiskeli, mvua inanyesha. Mlango ulifunguliwa, mwanamke akaona rangi yake, ukafungwa. Akarudi siku ya pili. Ukafungwa. Siku ya tatu alikwenda saa ambayo zamu ya kiwandani inatoka, akasimama nje ya geti la kiwanda, akamtambua yule mama katika umati akatembea naye barabarani hadi nyumbani, anamweleza habari za macho ya mwanawe. Yule mama alikuwa akifanya kazi saa ambazo kliniki iko wazi, akiomba ruhusa anakatwa mshahara, na alikuwa ameona haya kusema hivyo. Shangazi akampeleka mtoto mwenyewe. "Toka siku hiyo," akasema, "nilikuwa nikipita mtaa ule mlango uko wazi na chai imemiminwa. Mbaya, lakini nilikunywa."

Nilistaafu mwaka 2017. Binti wa sikio yupo, ana duka la vitenge Makorora, na nikienda namkalia upande wa kulia. Hajawahi kunilaumu. Sijui kama anakumbuka ile barua, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Daftari langu la mwisho nilimkabidhi mwalimu kijana aliyenirithi. Alilipokea kwa mikono miwili, lakini hakulielewa, nami nilikuwa na haraka ya sherehe ya kuagwa sikumweleza vizuri. Kwa hiyo nimeanza kwenda pale shuleni kila Jumatano, mwalimu mkuu amenikubalia, nakaa naye varandani tunachora mistari. Wiki iliyopita tulipima darasa la tatu macho na masikio. Safu ya kwanza ina watoto sita. Ya pili ina 11, na mmoja wao, binti wa Kiomoni mwenye kikohozi kisichokata tangu Ramadhani, hajaonekana shule siku nane. Mwalimu aliniuliza tumwandikie mzazi barua. Nimemwambia aje kesho saa kumi na viatu vya kutembelea.